Kitambaa cha makaa: kwa nini nguo iliyoungua inashika cheche na nguo nzima haishiki

Kusi ikikolea, mwezi wa saba hivi, kuvuka kutoka Lamu kwenda Manda na mashua bila kurowa ni bahati tu. Mwaka mmoja tulivuka watu watano, mimi na binamu zangu na ami yetu mmoja mvuvi wa miaka, tunaenda kulala ufukweni siku mbili tuvue tupike, mawimbi yakatupiga mpaka mikeka ikarowa chapachapa, na tulipofika nikatoa kiberiti mfukoni nikakuta sanduku limekuwa kama uji. Njiti ya kiberiti kichwa chake kina kemikali inayoyeyuka kwenye maji, na ule ubavu wa sanduku unapopigia una fosforasi nyekundu iliyopakwa na gundi, ukirowa unabanduka unatoka na kidole. Laita ilikuwepo moja, lakini gesi imekwisha. Ami hakusema neno, akaokota kigae akatembea karibu nusu saa mpaka kwenye dago la wavuvi wengine, akapalia moto kwao, akarudi nao ameukinga na upepo kwa kiganja.

Kilichonikaa moyoni baadaye si ule mwendo wa ami. Ni ile laita. Manake laita iliyoisha gesi bado inatoa cheche, ukisokota gurudumu unaziona zinaruka, sasa moto tulikuwa nao mkononi muda wote ule na tukashindwa kuutumia kwa sababu hatukuwa na kitu cha kuupokea. Hicho kitu kipo, kinatengenezwa nyumbani kwa dakika kumi na tano na kitambaa kikuukuu na mkebe wa rangi ya viatu. Mimi nakiita kitambaa cha makaa. Ni kitambaa cha pamba kilichochomwa bila hewa mpaka kikawa cheusi tii lakini hakijawa jivu, na ukikidondoshea cheche moja tu kinaishika.

Sasa watu wengi nikiwaambia wananiuliza swali moja, na ni swali la haki kabisa: mbona kitu kilichoungua tayari ndo kishike moto upesi kuliko kitu kizima? Si kimeshaungua hicho? Hapa ndo penye fundo lenyewe, tulifungue taratibu.

Kwanza elewa kwamba ule mwali unaouona ukuni ukiwaka si mti unaoungua. Ni moshi. Ukuni ukipata joto la kutosha unaanza kuvunjika ndani, unatoa mvuke wa maji kwanza halafu gesi za kila aina, na hizo gesi ndo zinakutana na hewa zinawaka. Angalia ukuni unaoanza kushika, tena angalia kwa karibu, utaona kuna mahali mwali umesimama kando kidogo ya mti, haujaugusa, upo hewani. Baadaye gesi zikiisha mwali unashuka unapotea na kinachobaki ni kaa jekundu linalotulia kimya, na hilo sasa ndo lenyewe linaungua, si moshi wake. Kwa hivo kuna kuungua kwa namna mbili, kuna kuwaka kwa mwali na kuna kufukuta. Mwali unataka gesi. Kufukuta kunataka kaboni na hewa tu, basi.

Turudi kwenye cheche. Cheche ina moto mkali sana lakini ni chembe ndogo, ile ya laita inaweza kufika digrii 3,000 lakini inazimika kabla hujapepesa macho. Ikiangukia kitambaa kizima inakutana na kazi nyingi. Pamba hata ukiishika ukaona kavu inabeba maji, kama asilimia 8 ya uzito wake kwenye hewa ya kawaida, na pwani hii yetu hewa yenyewe unaweza kuikamua, kwa hivo cheche lazima ikaushe kwanza yale maji. Halafu ivunje selulosi, yaani ule mwili wenyewe wa uzi, pamba karibu yote ni selulosi, na selulosi haivunjiki mpaka joto lipande digrii 300 na zaidi. Halafu gesi zitoke, zichanganyike na hewa, ziwake. Chembe ndogo vile haiwezi kazi zote hizo, inafia njiani.

Kitambaa cha makaa kazi hizo zimeshafanywa. Maji yametoka, selulosi imevunjika, gesi zimeenda zake na moshi, kilichobaki sehemu kubwa ni kaboni imesimama vilevile kwa umbo la kitambaa, uzi kwa uzi, na ndani ya kila uzi kuna vitundu vidogo vidogo visivyoonekana vinavyoingiza hewa kila upande. Cheche ikitua pale haina la kufanya isipokuwa kuwasha. Na kwa kuwa kaboni ya aina hii haisafirishi joto kwenda mbali, joto linabaki palepale lilipoangukia, linawasha jirani yake, na jirani anamwasha jirani. Hakuna mwali, kunafukuta tu, na upepo ambao ungezima njiti ya kiberiti hapa unakuwa msaada.

Na kama bado unaona ni jambo geni, kumbuka tanuri la makaa, watu wa bara ya Malindi na Lamu wanalijua. Magogo yanapangwa, yanafunikwa majani na udongo, yanaachiwa vitundu, moshi unatoka mzito mweupe siku kadhaa, ukianza kuwa mwepesi wa kibuluu mchomaji anajua yameiva anaziba kote. Anazuia hewa isiingie, manake ikiingia makaa yote yanakuwa jivu na kazi yote imepotea. Mkebe wetu ni tanuri la kiganjani. Tofauti ni moja, kwenye tanuri magogo mengine yanaungua humo ndani ili kupika wenzao, lakini kwenye mkebe joto lote linatoka nje na ndani hakiungui kitu hata kimoja. Wazee wanasema palipo moshi hapakosi moto, na kweli upo, lakini upo chini ya mkebe na moshi unatoka ndani yake.

Haya, kitambaa. Hapa ndo wengi wanaharibu. Lazima kiwe cha pamba tupu, au kitani, kisiwe na nailoni wala polista hata kidogo, manake polista ikifika digrii 250 na kitu inayeyuka, inaganda kwenye uzi kama gamba, na gamba halishiki cheche. Na usiamini macho wala mkono. Kuna leso ukiishika unasema hii pamba kumbe nusu yake ni plastiki, kanzu nyingi za siku hizi nazo zile zinazong'aa zisizojikunja ni polista, fulana za mtumba ndo usiseme. Chomoa uzi mmoja, tena chomoa wa urefu na wa upana manake saa zingine upande mmoja ni pamba na mwingine siyo, shika na koleo ndogo uupeleke kwenye moto. Uzi wa pamba unawaka mara moja, ukiutoa motoni unaendelea na nukta nyekundu inayotembea kuelekea vidoleni, harufu ni ya karatasi iliyoungua, na jivu lake ni laini la kijivu ukiligusa linapotea. Uzi wa polista unajikunja unakimbia moto, unatoa moshi mweusi na harufu ya plastiki yenye utamu fulani mbaya, na mwishoni unaacha shanga nyeusi ngumu, ibonyeze na kucha haivunjiki. Ukiona shanga weka kitambaa chako kando.

Vizuri kabisa ni kikoi kikuukuu cha pamba kile kilichofuliwa mpaka kikalegea, shuka za zamani, taulo, suruali ya jinzi isiyovutika, na ile marekani nzito isiyopaushwa. Jina lenyewe hilo la marekani lilikuja na bidhaa, karne ya 19 meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zinaleta kitambaa cha pamba Zanzibar na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi, na kitambaa kikaitwa kwa jina la kwao mpaka leo. Mimi binafsi napenda kilicho kizito, chepesi kikishakuwa makaa kinavunjika ukikitazama tu. Na kama uko karibu na mafundi wa majahazi, Matondoni kwa mfano, kuna ile pamba wanayopigia kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, ukiipata kabla haijatiwa mafuta nayo inafaa sana. Ikishatiwa mafuta iache.

Mkebe nao uwe wa bati la kawaida wenye kifuniko kinachobana. Wa rangi ya viatu ndo saizi nzuri, wa maziwa ya unga ukitaka vingi. Usitumie bati lililopakwa zinki kama lile la kuezekea, moshi wa zinki unaumiza kifua, na usifikirie hata dakika moja kutumia kopo la dawa ya mbu au chochote cha kupulizia, hilo linalipuka. Mkebe wowote mpya uchome mtupu kwanza nje mpaka rangi yake iungue iishe, ndo uutie kitambaa. Halafu toboa tundu moja katikati ya kifuniko, la msumari mwembamba, milimita moja au mbili inatosha. Tundu likiwa kubwa hewa inaingia unapata jivu. Na usipotoboa kabisa gesi zinakosa pa kupita, kifuniko kinaruka na makaa ya jiko yanamwagika miguuni, hilo nimeliona kwa macho na aliyepatwa alichomeka unyayo.

Kata vipande vya mraba, sentimita tano kwa tano hivi, vipange ndani bila kuvishindilia, joto linataka kupita kati yao. Funika. Washa jiko la makaa nje, uani au darini kwenye uwazi, si ndani ya chumba, zile nyumba zetu za mawe zenye madirisha madogo si mahali pa kazi hii kwa sababu moshi unaotoka umebeba monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu, na hiyo haina harufu ya kukuonya. Angalia na juu, kama paa ni makuti sogea mbali, makuti makavu na kusi na cheche mtaa mzima unaweza kwenda.

Weka mkebe juu ya makaa yaliyoshika vizuri, kisha kaa kitako uangalie tundu. Dakika ya kwanza ya pili hakuna kitu. Halafu kinatoka kiuzi cha mvuke mweupe, hayo ni maji. Baadaye kidogo unageuka moshi mzito wa rangi ya maziwa uliochanganyika na manjano, unatoka kwa nguvu kama umesukumwa, harufu yake kali inaingia mpaka kwenye nguo, ndo selulosi inavunjika hapo. Saa zingine ule moshi unashika moto wenyewe pale tunduni na unapata kimwali kidogo kimesimama juu ya kifuniko kama cha kandili, usiogope, kiache kiwake, tena ni kizuri kwa sababu kinakuonyesha gesi bado zipo. Geuza mkebe mara moja na koleo ili upande wa pili nao upate. Moshi utapungua, utakuwa uzi tena, utakatika. Ukikatika kabisa hesabu kama dakika moja, toa mkebe, na hapohapo ziba tundu kwa kijiti au kipande cha foili.

Sasa subiri. Hapa subira ndo kazi yenyewe, wallahi, manake kitambaa humo ndani kina joto la kutosha kuwaka chenyewe na kinachokizuia ni kukosa hewa tu. Ukifungua mapema hewa inaingia, unaona wekundu unatambaa kwenye kingo, na mpaka utafute kifuniko tena vipande vyote vimekwenda. Mimi nilishafungua mapema mara mbili kwa kihoro cha kutaka kuona. Acha mpaka uweze kuushika mkebe kwa mkono mtupu bila kuhisi joto lolote.

Ukifungua, kipande kizuri ni cheusi kote, hakina hudhurungi popote, kimesinyaa kidogo kuliko ulivyokiweka, ni chepesi ajabu, ukikishika pembeni kinaning'inia kama kitambaa bado lakini ukikivuta kinakatika bila kelele. Unaona mfumo wa nyuzi zote zimekaa mahali pake. Kikiwa bado cha hudhurungi hakijaiva, kirudishe motoni hakijaharibika. Kikiwa na kijivu na kinamomonyoka ukikigusa, hewa iliingia, hicho ndo basi tena.

Kukitumia sasa. Njia ya karibu kuliko zote ni hiyo laita iliyokwisha gesi ambayo kila nyumba ina mbili tatu. Kile kijiwe kilichomo si jiwe la kweli, ni mchanganyiko wa madini, seriamu na lanthanamu pamoja na chuma, aliouvumbua Carl Auer von Welsbach wa Austria mwaka 1903, na ukiusugua chembe zake zinawaka zenyewe hewani. Shika kitambaa karibu kabisa na gurudumu, sokota, mara ya kwanza au ya tatu utaona nukta nyekundu imekaa. Njia ya kale ni chuma na jiwe gumegume, ndo ileile iliyokuwa inafyatua bunduki za gumegume. Hapo jiwe linakwangua chembe za chuma na chembe zinawaka, kwa hivo chuma kiwe kile kigumu chenye kaboni nyingi, tupa kuukuu ya fundi, ile ya kunolea, ni nzuri sana, kisu cha jikoni kisichoshika kutu hakifai. Jiwe nalo lizidi chuma ugumu. Usihangaike na mawe ya Lamu, karibu yote ni matumbawe na matumbawe ni laini yanasagika unga, tafuta kwazi, yale mawe meupe magumu ya mtoni, lenye ukingo mkali. Na mchana wa jua kali lenzi ya kukuzia inatosha, tuko digrii mbili tu kusini ya ikweta, saa sita jua liko utosini, nukta ikitulia juu ya kitambaa cheusi inashika kabla hujamaliza kuhesabu mpaka kumi.

Lakini kumbuka kitambaa hakitoi mwali. Kinafukuta. Ukikiweka chini ya kuni ukasubiri utasubiri mpaka asubuhi. Kinataka kiota, na hapa pwani mnazi umetupa kila kitu. Chukua usumba wa kumbi kavu, uchambue kwa vidole mpaka uwe laini kama nywele, au kilifu, ule utando wa mnazi unaofanana na kitambaa cha gunia, usugue mkononi mpaka ufumuke. Finyanga kama kiota cha ndege, katikati pawe laini kabisa, weka kitambaa chenye nukta nyekundu humo, kifunike juu kwa usumba bila kubana, inua mbele ya uso na pulizia. Pulizia pole, pumzi ndefu nyembamba, ikiwa upepo upo upe mgongo kidogo uuachie ufanye kazi. Ami siku niliyomwonyesha aliniona navimbisha mashavu akaniambia, “Usiupulize kwa haraka mwanangu, upe pumzi uzile.” Moshi unazidi unakuwa mzito, mweupe, unakuuma macho, halafu ghafla ndani kunasikika kama mtu kavuta hewa na mwali unatoka. Hapo uwe na vijiti vya makuti makavu na karara tayari, na vifuu viko pembeni, vifuu vikishika moto unapika wali ukaiva na makaa yakabaki.

Weka akiba yako kwenye mkebe unaobana au chupa ya plastiki yenye kizibo cha kusokota, manake zile tundu zake zinazoshika hewa zinashika na unyevu pia, kikikaa wazi usiku mmoja tu kwenye hewa ya bahari cheche inakataa. Ule mkebe uliopikia una tundu, usiutumie kuhifadhi bila kuliziba. Kikirowa kabisa unaweza kukianika juani, kinarudi, lakini kitakuwa kimevunjika vunjika.

Ufukweni washa chini ya alama ya maji kujaa, si juu kwenye nyasi na vichaka, na usikate mikoko mibichi, kuni za kuokota na makumbi yapo ya kutosha. Ukikuta alama za kasa amepanda kutaga hama, sogea mbali kabisa, watoto wa kasa wakitoka usiku wanafuata mwanga na mwanga wako utawapeleka kwenye moto badala ya baharini. Na ukimaliza zima kwa maji, usifukie makaa mchangani, mchanga unatunza joto masaa mengi na asubuhi mtoto anapita pekupeku.

Mkebe mmoja wa rangi ya viatu unatoa vipande kama kumi na tano, na kila kipande ni moto mmoja, hata nusu kipande inatosha ukiwa umezoea. Vikibaki viwili usingoje viishe. Kata kitambaa kingine, washa jiko kwa kimoja kati ya hivyo viwili, na juu ya moto huohuo weka mkebe mpya.